Nyanya na Nyanya Zake

Nyanya yangu Ludmila ana minyanya ishirini na miwili
nyuma ya nyumba, Youngstown, Ohio,
mtaa ambao tanuri la chuma lilipozimika
uliachiwa kutu, majembe na muda.

Haamini kitu kinachopendeza kwa mbali.
Hupindua jani kama mtu anayekagua shati la mtumba,
upande wa ndani, penye mshono,
maana kikulacho ki nguoni mwako
na nguo ya mnyanya ni jani.

Mwezi wa sita walikuja vidukari,
wamejipanga kwenye chipukizi kama ushanga wa kijani,
sisimizi wakipanda kuwakamua utamu.
Maji ya mpira, alfajiri, kwa nguvu. Basi.
Mwezi wa saba, nzi weupe:
ukitikisa shina wanapaa kama unga uliopigwa chafya.
Akatundika vibao vya njano vilivyopakwa gundi,
akanigombeza nilipoacha nywele zangu humo.

Halafu asubuhi moja
shina la saba lilikutwa uchi.
Nyanya hakutazama juu. Aliinama,
akaokota kitu cheusi, kama punje ya pilipili manga,
akakiponda kati ya vidole.
"Kibichi," akasema. "Yuko hapa hapa."
Tulitafuta saa nzima.
Kiwavi mnene kama kidole gumba cha fundi,
lakini rangi yake ni rangi ya shina,
mistari yake ni mishipa ya jani,
pembe yake ni kikonyo.
Hatukumwona.

Usiku nikaja na kitaa cha kazini,
kile cha zambarau tunachomulikia noti bandia
pale kituo cha mafuta.
Nikakiwasha. Bustani ikazama,
na ndani ya giza viwavi tisa waking'aa kijani
kama tarakimu za saa ya zamani.

Nyanya alikwenda kuleta mkasi
na ndoo ya maji ya sabuni.
Wa kwanza. Wa pili. Wa tano. Wa nane.

Wa tisa alikuwa amebeba mchele.
Punje nyeupe, thelathini hivi, zimesimama wima mgongoni.
"Mayai," akasema, "huyu ataleta ukoo mzima,"
na mkasi ukafunguka.

"Bi Hrabovsky, mwache huyo!"

Bwana Pruitt, ng'ambo ya uzio,
dereva wa basi mstaafu, na bukta na kandambili,
ambaye hatujasalimiana naye
tangu mti wake uangukie banda letu.
"Hayo si mayai. Ni vifukofuko vya nyigu,
nyigu mdogo hivi, hata haumi mtu.
Wanawe wamemla kutoka ndani, sasa wamejisokota nje.
Huyo hali tena. Ni maiti inayopumua.
Ukimzamisha, unazamisha askari wako."

Nyanya alisimama, mkasi wazi.
Nilidhani atakata
ili tu Pruitt asije akawa amesema kweli.
Kisha akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la aproni
akaufunga kwenye lile tawi.

"Na mti wako," akasema gizani, "ulivunja madirisha mawili."
"Najua," akajibu Pruitt. "Najua."

Siku ya nne kila punje ilikuwa tupu,
kifuniko kimeinuliwa,
na kiwavi mwenyewe ananing'inia kama soksi.

Oktoba, kabla ya theluji, Nyanya aligeuza udongo.
Mabuu ya kahawia, kila moja na mkono kama wa birika,
yamelala yakisubiri mwaka ujao.
Aliyapanga juu ya uzio, ndege wakaja:
kumi na moja ya kwetu,
sita ya Pruitt,
kwa kuwa siku hizi wanaazimana uma.

Mimi niko dukani, zamu ya usiku.
Noti ya ishirini iliyo halali, chini ya kile kitaa,
ina uzi unaong'aa kijani. Kijani kile kile.
Huwa nasita kidogo kabla ya kutoa chenji.
Mteja anauliza kama kuna tatizo.
"Hakuna," namwambia,
na ninaipindua.